Mwisho wa Mwezi Haungoji Mtu

Machi 1996, kampuni ya magari ya Chrysler huko Michigan, Marekani, ilimwita mtaalamu wa programu aitwaye Kent Beck aje kushughulikia jambo moja: mfumo wao mpya wa mishahara ulikuwa unajikokota. Mradi wenyewe ulianza mwaka 1993 na ulikuwa na jina refu, Chrysler Comprehensive Compensation, ambalo watu wake walilifupisha wakaliita C3. Lengo lilikuwa kustaafisha mifumo kadhaa ya zamani iliyoandikwa kwa lugha ya COBOL na kuweka mmoja utakaowalipa wafanyakazi wapatao 87,000. Mwaka 2000 nao ulikuwa unabisha hodi. Programu nyingi za umri ule zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili, na hakuna aliyetaka kujua kwa vitendo zingefanya nini zikikutana na 00.

Kabla ya kugusa kasi, Beck aliuliza swali la kawaida kabisa: hesabu zinazotoka ni sahihi? Hazikuwa sahihi. Miaka ilikuwa imepita, fedha zimetumika, na mfumo ulikuwa haujamlipa mfanyakazi hata mmoja. Kuuongezea kasi kungekuwa kuusaidia ukosee upesi zaidi. Ushauri wake kwa wakubwa wa Chrysler ulikuwa mchungu: kilichoandikwa kitupwe, kikosi kipunguzwe, kazi ianze upya. Wakakubali. Akaletwa Ron Jeffries awe kocha wa kikosi, naye Martin Fowler akawa anakuja kutoa ushauri. Humo ndani ya mradi wa mishahara ndimo ilimozaliwa Extreme Programming, au XP kwa kifupi, mojawapo ya mbinu ambazo miaka mitano baadaye zilikusanywa chini ya jina moja: ajaili (agile).

Leo jina hilo limejaa kwenye matangazo ya kazi ya kampuni za teknolojia, iwe Nairobi au Dar es Salaam. Wengi hulihusisha na programu za simu na vijana wenye vipokea sauti masikioni. Sehemu ya asili yake iko mahali pasipo na mvuto wowote, yaani idara ya malipo ya kampuni ya magari, na hilo si jambo la kupita tu. Mishahara ndiyo iliyoilea mbinu hii, na mpaka leo mishahara ndiyo inayoiumbua pale inapotumiwa kijuujuu.

Asiyewahi kuandaa mishahara hudhani ni kazi ya kujumlisha na kutoa. Aliyewahi kuiandaa anajua kwamba hesabu ni sehemu ndogo. Kuna aliyeajiriwa tarehe 17. Kuna aliyehamishwa kituo katikati ya mwezi, aliyekaimu cheo kwa siku 40, aliye kwenye likizo ya uzazi, anayedai malimbikizo ya mwaka juzi, anayekatwa mkopo wa SACCOS, na ambaye mahakama imeamuru akatwe matunzo ya mtoto. Kanuni za watu hawa hazikai kwenye kitabu kimoja. Nyingine zimo kwenye sheria, nyingine kwenye mkataba wa chama cha wafanyakazi, nyingine kwenye waraka wa zamani ambao nakala yake haionekani, na nyingine zimo kichwani mwa mama mmoja wa ofisi ya uhasibu anayestaafu Juni.

Utaratibu uliozoeleka ulikuwa kukusanya kanuni zote kwanza, kuziandika kwenye jalada nene, mteja akatia saini, kisha waandishi wa programu wakajifungia mwaka mmoja au miwili. Utaratibu huo wa hatua kwa hatua, ambao maji yakishashuka hayapandi tena, mara nyingi hunasibishwa na Winston Royce na makala yake ya mwaka 1970. Royce ameonewa kidogo. Makala ileile iliyochora hatua hizo ilionya kuwa kuzifuata bila kurudi nyuma ni kukaribisha hasara, na ikashauri programu mpya itengenezwe mara mbili. Wasomaji walichukua mchoro wakaacha maneno.

Kikosi cha C3 kilienda kinyume. Walikaa chumba kimoja. Waliandika programu wawili wawili kwenye kompyuta moja, mmoja akiwa kwenye kibodi na mwenzake akikagua na kuhoji, kisha wakibadilishana. Hakuna sehemu ya programu iliyokuwa mali ya mtu. Yeyote aliruhusiwa kurekebisha popote. Kazi iligawanywa katika mizunguko ya wiki tatu, na kila mzunguko ulipokwisha ilitakiwa kuwe na kitu kinachofanya kazi na kinachoonekana. Kila hitaji liliandikwa kwenye kadi ndogo ya karatasi ngumu, kwa sentensi chache za kawaida. Kama hitaji halikuenea kwenye kadi, lilikuwa kubwa mno, likagawanywe.

Kadi hizo zilikuwa na historia. Beck na mwenzake Ward Cunningham walikuwa wamezitumia tangu miaka ya 1980 kufundishia usanifu wa programu, na waliandika makala juu yake mwaka 1989. Cunningham ndiye yuleyule aliyeanzisha Machi 1995 tovuti ya kwanza duniani ya aina iitwayo wiki, ambayo wasomaji wenyewe huihariri, baba wa teknolojia iliyokuja kuizaa Wikipedia. Hoja nyingi za mwanzo kuhusu XP zilipiganiwa kwenye kurasa za tovuti hiyo, huku watu wa C3 wakieleza hadharani wanachojaribu na wakosoaji wakiwashambulia papo hapo.

Lililo kubwa kuliko yote lilikuwa mteja kukaa ndani. Mtu aliyezijua kanuni za malipo ya Chrysler aliwekewa meza pamoja na waandishi wa programu. Swali likizuka saa nne asubuhi, lilijibiwa saa nne na robo. Na kazi yake haikuwa kujibu maswali tu. Alitakiwa kutoa majaribio: mifano ya wafanyakazi na tarakimu zinazotakiwa kutoka, ili mashine yenyewe iseme kama programu imekosea.

Hapa panahitaji kutazamwa kwa karibu, maana ndipo mtu wa utumishi anapokutana na mtu wa kompyuta. Tuchukue mfano wa Kenya, kwa kanuni zilizotumika Februari 2025. Afisa rasilimali watu anachukua kadi na kuandika: mfanyakazi, mshahara ghafi shilingi 50,000, hana marupurupu, hana mkopo. Akiba ya uzeeni ya NSSF asilimia 6, sawa na 3,000. Bima ya SHIF asilimia 2.75, sawa na 1,375. Tozo ya nyumba asilimia 1.5, sawa na 750. Hayo matatu yanaondolewa kwanza, na kinachobaki, 44,875, ndicho kinachotozwa kodi. Shilingi 24,000 za mwanzo zinatozwa asilimia 10. 8,333 zinazofuata, asilimia 25. 12,542 zilizosalia, asilimia 30. Jumla ni 8,245.85. Ondoa nafuu binafsi ya 2,400, inabaki kodi ya mshahara, PAYE, ya 5,845.85. Mkononi: shilingi 39,029.15.

Kwenye kadi hiyo hakuna neno hata moja la kompyuta. Mwandishi wa programu anaigeuza kuwa jaribio kabla hajaandika msimbo wenyewe: ingiza 50,000, tarajia 39,029.15. Jaribio linafeli, kwa sababu bado hakuna kitu. Anaandika msimbo mpaka lipite. Kesho inakuja kadi ya pili, ya mtu aliyeanza kazi tarehe 17, na jaribio la jana linaendeshwa tena pamoja na la leo. Baada ya miezi sita kuna mamia ya kadi, na mtu akigusa kitu kimoja kikavuruga kingine, anajua kabla ya chakula cha mchana. Kwenye C3 sheria ilikuwa kali: majaribio ya waandishi wa programu yapite yote, asilimia 100, ndipo kazi mpya iunganishwe na ya wenzao.

Ubora wa njia hii kwa mambo ya utumishi ni kwamba kanuni ikibadilika, kadi ndiyo inayobadilika kwanza. Na kanuni hubadilika. Kenya yenyewe ni shahidi. Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ilifungua njia ya viwango vipya vya NSSF chini ya sheria ya mwaka 2013 iliyokuwa imekwama kortini. Sheria ya Fedha ya mwaka huohuo ikaleta tozo ya nyumba na ngazi mbili mpya za kodi ya mshahara, asilimia 32.5 na 35. Mahakama Kuu ikaisimamisha tarehe 30 Juni. Mahakama ya Rufaa ikaliondoa zuio hilo mwishoni mwa Julai. Novemba, tozo ya nyumba ikatangazwa kuwa kinyume cha katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda wa kuikata. Machi tozo ikarudi kwa sheria mpya. Oktoba bima ya NHIF ikaondoka, SHIF ikaingia. Tarehe 27 Desemba, makato yaliyokuwa hayapunguzi mapato yanayotozwa kodi yakaanza kuyapunguza. Yote hayo ni chini ya miaka miwili, na kila mwisho wa mwezi mtu alitakiwa alipwe.

Tanzania mambo yamekuwa tulivu zaidi, lakini nako hayajasimama: makato ya mikopo ya wanafunzi ya HESLB yalipandishwa hadi asilimia 15 ya mshahara mwaka 2016, na kiwango cha chini cha PAYE kikashushwa kutoka asilimia 9 hadi 8 mwaka 2021. Jalada nene la mahitaji lililotiwa saini kabla ya mabadiliko kama hayo ni karatasi ya kufungia maandazi.

Turudi Michigan. Ile kasi aliyoitiwa Beck hatimaye ilishughulikiwa, ila baada ya usahihi. Makadirio ya wakati wa ujenzi yalionyesha kuwa kuandaa mishahara mara moja kungechukua saa 1,000. Mwezi mrefu kabisa una saa 744. Wakapima programu inapoteza muda wapi, wakarekebisha, ikashuka hadi kama saa 40. Mwezi mmoja zaidi wa kazi ukaishusha hadi 18. Siku ya kuanza kutumika ilikuwa 12, na ndani ya mwaka wa kwanza ikafika 9. Waliweza kupasua na kushona hivyo bila hofu kwa sababu majaribio yalikuwa pale, yakipiga kelele kila mkono ulipoteleza.

Mwaka 1997 mfumo ulianza kulipa. Walikuwa wamejipa mwaka mmoja, wakachelewa miezi michache, na sehemu kubwa ya kuchelewa huko ilitokana na kanuni za malipo zenyewe kutoeleweka vizuri. Hawakuanza na watu 87,000. Walianza na kundi la wafanyakazi wapatao 10,000 wanaolipwa kwa mwezi. Makundi mengine yangefuata moja baada ya jingine.

Hayakufuata. Vitabu vingi vya kusifu ajaili hupita haraka mahali hapa. Miezi michache baada ya ushindi huo, yule mteja wa ndani, aliyebeba maswali yote, kadi zote na lawama zote kutoka pande mbili, alichoka akaondoka. Hakupatikana wa kuziba nafasi yake. Kikosi kiliendelea kwa zaidi ya miaka miwili bila kutoa toleo jingine kwa kundi jipya. Mwaka 1998 Chrysler iliungana na Daimler-Benz ya Ujerumani, na tarehe 1 Februari 2000 kampuni mpya, DaimlerChrysler, iliusimamisha mradi. Januari ya 2000 ilikuwa imeshapita salama, na mfumo uliotungwa kulipa watu 87,000 uliishia kwa wale 10,000.

Oktoba 1999, miezi minne tu kabla ya kufungwa huko, Beck alikuwa amechapisha kitabu chake kuhusu XP, na kilikuwa kinanunuliwa kama njugu. Februari 2001 watu 17 walikutana katika hoteli ya michezo ya theluji ya Snowbird, Utah, wakaandika ilani fupi ya ajaili. Miongoni mwao walikuwamo Beck, Jeffries, Fowler na Cunningham. Wakosoaji hawakukosa la kusema: mbinu inayotangazwa duniani kote imetoka kwenye mradi uliofutwa.

Kejeli hiyo ina ukweli, lakini inakosa shabaha. C3 iliwalipa watu 10,000 kwa usahihi, jambo ambalo mradi uliotangulia, wenye watu wengi zaidi na karatasi nyingi zaidi, haukulifanya kwa mtu hata mmoja. Kasoro yake ilikuwa kumtwika mtu mmoja ujuzi wote wa malipo wa kampuni kubwa kama ile. XP iliweka sheria kwamba waandishi wa programu wasifanye kazi zaidi ya saa 40 kwa wiki, na ikaweka wawili kwenye kila kompyuta ili ujuzi usikae kwa mmoja. Mteja hakuwekewa saa wala mwenza. Kasoro hiyo haijaisha. Kwenye ofisi nyingi mpaka leo, mradi wa mfumo wa utumishi ukianza, kazi ya kujibu maswali hutupiwa afisa mmoja ambaye wakati huohuo anatakiwa aandae mishahara ya mwezi, ashughulikie likizo na apokee simu za waliokosa malipo.

Ili kuona thamani ya hatua ile ya 10,000, inafaa kuvuka mpaka kwenda Kanada. Mwaka 2009 serikali ya nchi hiyo iliamua kubadilisha mfumo wake wa mishahara uliokuwa na umri wa miaka 40. Mpya ulipewa jina Phoenix. Haukuandikwa kutoka mwanzo. Ulijengwa juu ya PeopleSoft, programu inayouzwa tayari, na kampuni ya IBM ikapewa kazi ya kuurekebisha. Kulikuwa na watumishi wapatao 290,000 katika wizara na idara 101, mikataba zaidi ya 100 ya wafanyakazi na kanuni za malipo zinazofikia 80,000.

Mwaka 2012 IBM ilisema kazi hiyo ingegharimu dola milioni 274 za Kanada. Bajeti iliyoidhinishwa ilikuwa milioni 155. Wasimamizi hawakurudi kuomba fedha. Walipunguza. Kati ya kazi 984 zilizotakiwa kufanywa na mfumo, zaidi ya 100 ziliondolewa au zikaahirishwa, ikiwemo ya kushughulikia malimbikizo. Muda ukabanwa. Ulikuwepo mpango wa kuujaribu mfumo kwanza kwenye idara moja. Mwaka 2015 ukafutwa, kwa sababu mfumo ulikuwa na kasoro nyingi mno kuweza kujaribiwa. Msomaji asome sentensi hiyo mara mbili. Wakati huohuo, nafasi za maafisa mishahara kama 1,200 zilizotawanyika kwenye idara zilifutwa, na mahali pake kikawekwa kituo kimoja huko Miramichi, New Brunswick, chenye watu wapatao 550, wengi wao wageni wa kazi hiyo.

Tarehe 24 Februari 2016 Phoenix iliwashwa kwa idara 34 kwa pamoja, na Aprili zikaongezwa nyingine zote. Wako waliopunjwa, wako waliozidishiwa, wako waliokosa kabisa kwa miezi. Kufikia Juni 2017 watumishi zaidi ya 150,000 walikuwa na malalamiko yasiyoshughulikiwa, na makosa yaliyosubiri kurekebishwa yalizidi dola milioni 520. Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Michael Ferguson, aliandika mwaka 2018 kuwa kushindwa huko hakueleweki. Australia ilikuwa imeshapitia machungu ya aina hiyo: mfumo wa mishahara wa idara ya afya ya jimbo la Queensland uliwashwa Machi 2010 kwa wafanyakazi wapatao 78,000 bila kulinganishwa kikamilifu na wa zamani, na tume ya uchunguzi ya mwaka 2013 ikakadiria gharama yote kuwa dola bilioni 1.2 za nchi hiyo.

Sasa, yapo mambo kwenye Phoenix ambayo mtu mwenye haraka angeweza kuyaita ajaili. Kutoa kidogo kwanza, mengine yafuate. Kuahirisha kazi zisizo za lazima. Kutokungoja ukamilifu. Mikutano ya ajaili imejaa lugha hiyo, na kwenye programu nyingi ni lugha ya busara. Programu ya maombi ya likizo inaweza kuanza na likizo ya mwaka peke yake, ile ya ugonjwa ikaendelea kujazwa kwenye fomu ya karatasi kwa miezi miwili, na hakuna atakayelala njaa. Mfumo wa kupokea maombi ya kazi unaweza kuanza bila sehemu ya kupanga usaili. Upimaji wa utendaji unaweza kuanza na malengo, maoni ya wasimamizi yakaja baadaye.

Mshahara haukatiki hivyo. Hakuna mfanyakazi anayeweza kupewa hati ya mshahara yenye makato bila malimbikizo kwa maelezo kwamba malimbikizo yako kwenye mzunguko wa saba. Wote wawili, Chrysler na Kanada, walipunguza ukubwa wa kazi ili waweze kuanza. Kanada ilipunguza kazi za mfumo na kubaki na watu wote. Chrysler ilipunguza watu na kubaki na kila kitu kilichowahusu watu hao. Tofauti hiyo moja inaeleza mengi kuliko kadi, mikutano ya kusimama ya kila asubuhi na vyeti vya Scrum, mbinu nyingine ya ajaili, vikijumlishwa.

Kupunguza kwa watu nako kuna mtego. Kikosi chenye hamu ya kuonyesha matunda huchagua kundi jepesi: maafisa wa makao makuu, wenye mshahara usiobadilika, wasio na zamu wala saa za ziada. Mwezi wa kwanza unapita vizuri, picha zinapigwa. Wauguzi wa zamu za usiku na madereva wa safari za mikoani wanaachwa mwisho, na hao ndio wenye kanuni zitakazouvunja mfumo. C3 ilianza na wanaolipwa kwa mwezi, na haikufika kwingine. Kikosi chenye ujasiri huchanganya: kituo kimoja kidogo cha kazi, chenye watu wa kila aina, kuanzia mlinzi hadi meneja.

Lipo pia tatizo ambalo kikosi cha mwaka 1996 hakikulazimika kulifikiria sana. Majaribio mazuri ya mishahara yanataka data halisi, na data halisi ya mishahara ni siri za watu: nani ana mkopo, nani anakatwa kwa amri ya mahakama, nani alikuwa likizo ya ugonjwa na kwa muda gani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kumpa kijana wa kampuni ya programu faili la Excel lenye majina na mishahara ya wafanyakazi wote, kwa kisingizio cha majaribio, kunaweza kuivunja sheria hata kabla mfumo haujaandikwa. Dawa inayotumika ni kubadilisha majina, namba za vitambulisho na namba za akaunti, huku tarakimu za malipo zikiachwa kama zilivyo. Ni kazi ya siku chache, na isiachiwe yule anayezipokea data hizo. Ifanyike ndani ya ofisi, kabla faili halijatoka.

Kanada yenyewe ilijifunza kwa gharama. Mwaka 2018 serikali ilianza kutafuta mrithi wa Phoenix, safari hii kwa ununuzi wa hatua ndogo ndogo, ambapo watumishi wa kawaida walialikwa kujaribu bidhaa za wauzaji na kutoa maoni. Mwaka 2019 walibaki wauzaji watatu: Ceridian, SAP na Workday. Baada ya hapo zikafuata idara za majaribio, moja baada ya nyingine, zikilinganisha kanuni zao na uwezo wa mfumo. Umekuwa mwendo wa kinyonga, na wanasiasa wameulalamikia, lakini safari hii hakuna aliyewasha swichi moja kwa watu 290,000.

Kwa afisa utumishi anayeletewa mfumo mpya mwaka huu, maneno ya muuzaji kwamba kampuni yake inafuata ajaili hayamsaidii chochote. Aombe kitu kimoja kabla ya kutia saini: achague kituo kimoja cha kazi, atoe mishahara ya miezi miwili iliyokwisha kulipwa, majina yakiwa yamefichwa, na atake ipigwe upya kwenye mfumo huo mbele yake, hati kwa hati. Senti ikipotea, itafutwe mpaka ionekane. Muuzaji akisema hilo litafanyika baada ya malipo ya awamu ya kwanza, huyo asipewe kazi.